Berlin kwa Mara ya Kwanza: Mwongozo Kamili kwa Msafiri Anayetoka Afrika Mashariki

Mtu anayeshuka Berlin kwa mara ya kwanza hushangazwa na jambo moja kabla ya mengine yote: vituo vya treni havina geti. Unashuka ngazi, unasimama jukwaani, treni inakuja, unaingia. Hakuna aliyekuuliza tiketi. Mgeni hudhani usafiri ni bure, au hakuna anayejali. Kumbe wanajali sana. Mji mzima uko hivyo. Hakuna anayekuzuia mlangoni, lakini kila jambo lina utaratibu wake, na asiyeujua huulipia. Naandika haya ili uujue kabla hujafunga begi.

Ninayo sababu ya pili. Berlin ina vitu vyetu. Ina mifupa iliyochimbwa Lindi, ina mtaa wenye jina la Zanzibar, na tangu 2024 ina barabara yenye jina la Vita vya Maji Maji. Watu wa kwetu wanakwenda, wanapiga picha kwenye lango kubwa, wanarudi bila kuviona. Hilo linaniuma, kwa hiyo nimelitengea sehemu yake huko chini.

Hatua ya 1: Viza, na usianze kwa kununua tiketi ya ndege

Ujerumani ni moja ya nchi 29 za Schengen, na viza moja inatosha kwa zote. Inakupa hadi siku 90 ndani ya kipindi cha siku 180. Maombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa muda mrefu zaidi: ukilala siku tano Berlin na mbili Paris, unaomba Ujerumani. Siku zikilingana, unaomba nchi utakayoingia kwanza.

Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usisubiri huo mwisho. Nafasi za miadi hujaa, hasa kuelekea likizo za Juni hadi Agosti, na jibu linalotolewa kwa kawaida ndani ya siku 15 linaweza kuchukua hadi siku 45 wakitaka kuchunguza zaidi. Miezi mitatu kabla ndiyo wakati wa kustarehe nao. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na walio chini ya hapo hawalipi. Ukinyimwa viza, ada hairudi.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki na miezi mitatu baada ya tarehe yako ya kutoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari igharimie angalau euro 30,000, ikihusu nchi zote za Schengen na siku zote za safari. Kwa ndege inatosha kuweka nafasi tu. Tiketi yenyewe ilipie viza ikishatoka.

Panapoangusha wengi ni taarifa ya benki. Afisa anayesoma karatasi zako anataka kujibu swali moja: huyu atarudi kwao? Taarifa ya miezi mitatu inayoonyesha mshahara ukiingia na matumizi yakitoka, hata kama salio si kubwa, ina nguvu kuliko akaunti iliyolala miezi miwili na nusu kisha ikapokea mamilioni wiki moja kabla ya miadi. Usiazime fedha za shemeji ukazimwaga kwenye akaunti. Wanaliona hilo kila siku. Ambatisha barua ya mwajiri inayotaja likizo yako na tarehe ya kurudi kazini, au leseni ya biashara na risiti za kodi kama umejiajiri, na chochote kinachoonyesha una watu na mali nyumbani.

Kama kuna ndugu anayekualika na yuko tayari kubeba gharama zako, mwombe aende idara ya uhamiaji ya mji wake akatoe hati ya dhamana inayoitwa Verpflichtungserklärung. Barua ya kawaida ya mwaliko ni nzuri, lakini haifanyi kazi ya hati hiyo. Hati halisi lazima ikufikie mkononi, kwa hiyo hesabu na siku za posta.

Jambo jingine: tangu 12 Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kutumia mfumo unaoitwa EES. Unachukuliwa alama za vidole na picha ya uso, na kompyuta ndiyo inayohesabu siku zako. Zamani mtu alitegemea muhuri uliofifia. Siku hizi ukizidisha hata siku moja inaonekana, na inakufuata kwenye ombi lijalo.

Hatua ya 2: Begi na fedha

Soketi za Ujerumani ni za matundu mawili ya duara. Chaja zetu za pini tatu za bapa haziingii, kwa hiyo nunua kibadilishio Kariakoo au popote kabla ya kuondoka. Uwanja wa ndege watakuuzia kwa bei ya kukuumiza.

Nguo zinategemea mwezi. Januari halijoto hucheza karibu na sifuri, na katikati ya Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Juni ni kinyume chake: jua linakuwepo mpaka saa tatu na nusu usiku. Kwa baridi, usitafute koti moja zito kama godoro. Vaa tabaka: fulana ya kubana, sweta, kisha koti linalozuia upepo. Ndani ya treni na majumba kuna joto, utavua na kuvaa mara kumi kwa siku. Fedha nyingi zitumie kununua viatu vizuri. Viatu vinavyoingiza maji vitakuharibia safari nzima, kwa sababu Berlin ni mji wa kutembea kwa miguu.

Sasa zawadi za ndugu. Huruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya na nyama wala kitu chochote cha maziwa: nyama kavu, samli, jibini, vyote vinatupwa mbele yako. Maembe na matunda mengine yanahitaji cheti cha afya ya mimea. Lakini nanasi, ndizi, nazi na tende vimesamehewa cheti hicho. Samaki wakavu wanaruhusiwa hadi kilo 20, na asali hadi kilo 2. Kwa hiyo mama akikufungia samli kwa ajili ya mjukuu, mwombe kwa upole akupe nazi na dagaa wakavu badala yake. Ukibeba fedha taslimu za euro 10,000 au zaidi, lazima utoe taarifa forodhani.

Kadi ya benki inakubalika sehemu nyingi, ila Berlin bado ina vibanda na migahawa midogo yenye karatasi mlangoni: Nur Bargeld, yaani fedha taslimu tu. Tembea na euro 50 mfukoni, za noti ndogo ndogo, pamoja na sarafu za vyooni. Vyoo vya stesheni na vya mitaani mara nyingi hulipiwa, kati ya senti 50 na euro moja.

Hatua ya 3: Kutoka uwanja wa ndege

Wengi wetu hufika Berlin kwa kuunganisha ndege Doha, Istanbul, Amsterdam au Frankfurt. Ukipitia Amsterdam au Frankfurt, uhamiaji unaupita huko huko, kwa sababu tayari umeingia Schengen. Usiunganishe ndege mbili kwa kuachiana dakika 50 ukidhani utavuka tu. Foleni ya pasipoti inaweza kumaliza saa nzima. Na karatasi zako za hoteli, bima na tiketi ya kurudi ziwe kwenye begi la mkononi, maana afisa wa mpakani anaweza kuziuliza hata kama viza iko kwenye pasipoti.

Uwanja wa Berlin, wenye alama BER, ulifunguliwa 31 Oktoba 2020. Stesheni ya treni iko chini ya Terminal 1: unashuka tu kwa lifti. Tafuta treni iliyoandikwa FEX. Inafika Hauptbahnhof, stesheni kuu, kwa nusu saa au pungufu. S9 na S45 nazo zinaingia mjini, polepole zaidi, zikisimama njiani. Zote zinatumia tiketi ile ile ya kawaida ya ABC (kanda zote tatu, nitazieleza hatua ijayo), karibu euro 5, na FEX haina nyongeza. Teksi hadi katikati ya mji itakula zaidi ya euro 50. Sioni sababu ya kuichukua, labda uwe na watoto wadogo na mabegi manne.

Hatua ya 4: Tiketi, somo linalolipiwa euro 60

Mji umegawanywa kanda tatu. A ni sehemu ya ndani, iliyozungukwa na reli ya duara iitwayo Ring. B ni kuanzia hapo hadi mpaka wa mji. C ni nje ya mji, na humo ndimo ulimo uwanja wa ndege pamoja na mji wa Potsdam. Kwa kutembea mjini, tiketi ya AB inatosha, karibu euro 4. Siku ya kwenda uwanjani unahitaji ABC. Hapo ndipo wageni wengi hunaswa: wiki nzima wamezoea AB, siku ya mwisho wanasahau.

Tiketi moja inadumu saa mbili, na unaweza kubadilisha treni, basi na tramu upendavyo, mradi unaelekea mbele. Kurudi ulikotoka kwa tiketi hiyo hiyo hairuhusiwi. Kama safari ni fupi, vituo vitatu vya treni au sita vya basi au tramu, kuna tiketi nafuu iitwayo Kurzstrecke. Ukijua utapanda zaidi ya mara mbili kwa siku, nunua ya saa 24.

Sasa sikiliza vizuri. Tiketi ya karatasi iliyotoka kwenye mashine ya jukwaani haijaanza kazi mpaka uigonge muhuri. Karibu na mashine, au kando ya ngazi, kuna kisanduku kidogo kirefu kama cha barua, chenye mdomo mwembamba. Unaingiza ncha ya tiketi, kinalia kwa sauti fupi, na ukiitoa utaona wino: kituo, tarehe, saa. Bila wino huo huna tiketi, hata kama umeinunua dakika mbili zilizopita. Mara nyingi wakaguzi hawavai sare. Ni kijana mwenye begi mgongoni, au mama mwenye koti la kawaida, na milango ikishafungwa ndipo wanapotoa kitambulisho. Faini ni euro 60, na “mimi mgeni” si hoja. Tiketi ya kwenye simu, kupitia programu ya BVG, kampuni ya usafiri ya mji, haihitaji muhuri, ila inunue kabla hujapanda, usingoje mpaka umwone mkaguzi.

Mengine nayapita haraka. Mlango wa treni haufunguki wenyewe kila mara, bonyeza kitufe. Kwenye ngazi za umeme simama kulia, kushoto ni kwa wenye haraka. Kwenye Ring, S41 inazunguka kwa mwelekeo wa akrabu za saa na S42 kinyume chake, hivyo ukikosea hupotei, unachelewa tu. Treni za chini ya ardhi hukesha Ijumaa na Jumamosi. Siku nyingine usiku wa manane tegemea mabasi yenye herufi N.

Hatua ya 5: Pa kulala

Usibabaike na jina la mtaa, angalia umbali kutoka stesheni. Chumba kilicho mwendo wa dakika tano kutoka kituo cha Ring, hata kama mtaa hauna sifa, ni bora kuliko cha bei mbaya Mitte, katikati ya mji. Sehemu za Wedding na Neukölln zina vyumba vya bei nafuu, na ndiko utakakowaona watu wa kila rangi na kusikia kila lugha. Charlottenburg ni tulivu zaidi, inafaa familia. Bei ya chumba huongezewa kodi ya mji ya asilimia 7.5, kwa hiyo uliza kama imeshajumlishwa.

Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni muda wa utulivu. Ukipiga simu nyumbani kwa sauti ya kwetu, ya kuvuka bahari, jirani atagonga mlango.

Hatua ya 6: Jiandae na Jumapili

Safari yangu ya kwanza nilitua Jumamosi usiku. Nikajiambia nitanunua chakula asubuhi. Asubuhi nikatoka: duka la kwanza limefungwa. La pili limefungwa. Nikaona mlango wa tatu wa kioo, ndani taa zinawaka, mikate imepangwa, nikasukuma, wapi. Nilizunguka karibu saa nzima kwenye mtaa mzima uliolala nikidhani kuna msiba wa taifa. Ilikuwa Jumapili tu. Sheria yao inafunga maduka siku hiyo, ya chakula na ya nguo pia.

Dawa yake ni hii: nunua mahitaji Jumamosi kabla ya usiku. Ukikwama, maduka yaliyo ndani ya stesheni kuu ya Hauptbahnhof hufunguliwa, na kuna viduka vya mtaani vinavyoitwa Späti ambavyo mara nyingi vina maji, biskuti na mkate. Migahawa na vibanda vya döner, mkate wa nyama wa Kituruki, hufanya kazi kama kawaida.

Ukinunua soda au maji ya chupa utaona umelipishwa zaidi ya bei ya rafuni. Hujaibiwa. Hiyo ni Pfand, amana ya chupa: senti 25 kwa chupa nyingi za plastiki na makopo, senti 8 kwa chupa nyingi za bia. Usiitupe chupa na usiikanyage. Ipeleke supamaketi yoyote kubwa. Karibu na mlango kuna mashine yenye tundu la duara. Unaingiza chupa ikiwa imelala, kitako mbele, mkanda unaivuta, unaizungusha kutafuta alama, halafu unasikia ikipondwa huko ndani. Ukimaliza bonyeza kitufe cha kijani, kinatoka kikaratasi, unakipeleka kwa mhudumu wa malipo, naye anakukatia kwenye hesabu au anakupa fedha mkononi. Mtoto wa dada yangu alikusanya chupa za wiki nzima akajinunulia aiskrimu. Utawaona pia wazee wakiokota chupa kwenye mapipa. Kama huna nafasi ya kuirudisha, iweke chini kando ya pipa badala ya kuitupa ndani, ili asilazimike kuingiza mkono kwenye taka. Wenyeji hufanya hivyo, na ni ubinadamu.

Maji ya bomba ni salama kabisa. Beba chupa yako ujaze.

Hatua ya 7: Saa yao na saa yetu

Majira ya joto Berlin iko nyuma yetu kwa saa moja. Majira ya baridi, saa mbili. Hilo ni rahisi. Kazi iko kwenye kusoma saa. Sisi tunahesabu kutoka alfajiri, wao kutoka usiku wa manane, na ratiba zote zimeandikwa kwa saa 24: 14:30 ni saa nane na nusu mchana. Kwenye karatasi utazoea. Kwenye mazungumzo kuna mtego. Mjerumani akikwambia halb drei, maneno yenyewe ni “nusu” na “tatu”. Nilipoambiwa hivyo na mwenyeji wangu nilielewa tatu na nusu, nikageuza kichwani ikawa saa tisa na nusu, nikafika nikitabasamu. Yeye alimaanisha nusu kuelekea tatu, yaani 14:30. Nilikuwa nimechelewa saa nzima, na kule kuchelewa dakika kumi bila taarifa tayari ni kukosa adabu. Omba uandikiwe muda kwa tarakimu.

Hatua ya 8: Kuuona mji

Panda basi namba 100. Linatoka Zoologischer Garten hadi Alexanderplatz kwa tiketi ya kawaida, na njiani linapita nguzo ya ushindi ya Siegessäule, ikulu ya rais ya Bellevue, bunge, na barabara ya Unter den Linden. Lilianzishwa 1990 kuunganisha pande mbili za mji uliokuwa umegawanyika. Kaa ghorofa ya juu, mbele. Sioni haja ya kulipa zaidi kwa basi la watalii.

Kuba la kioo juu ya bunge, la Reichstag, linaingiwa bure, lakini lazima ujiandikishe kwenye tovuti ya bunge siku kadhaa kabla, kwa jina kama lilivyo kwenye pasipoti na tarehe ya kuzaliwa. Nenda na pasipoti yenyewe. Muda mzuri ni jua linapokaribia kuzama.

Karibu na hapo, hatua chache kusini mwa lile lango kubwa, Brandenburger Tor, kuna uwanja wa mawe 2,711 ya zege, kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa Ulaya. Yanaanza mafupi kama benchi, unavyozidi kuingia yanakupita kimo na sauti za mji zinafifia. Watu wanapanda juu yake kupiga picha za kuchekesha. Tafadhali usifanye hivyo. Ni kama kupanda juu ya kaburi.

Ukuta wa Berlin, ulioutenganisha mji mashariki na magharibi, ulianza kujengwa 13 Agosti 1961 na ukafunguliwa 9 Novemba 1989. Wageni hukimbilia East Side Gallery, kipande cha kilomita 1.3 chenye michoro, na ni pazuri. Ila kama una nafasi ya sehemu moja tu, mimi ningekupeleka Bernauer Straße. Kule wameacha ukuta pamoja na ule uwanda mtupu uliokuwa nyuma yake na mnara wa walinzi, na ukipanda jukwaa la upande wa pili wa barabara unaona jinsi mtaa mmoja ulivyokatwa katikati. Ni bure.

Kisiwa cha makumbusho, Museumsinsel, kinahitaji siku yake. Ndani ya Neues Museum kuna kichwa cha malkia Nefertiti, na picha haziruhusiwi katika chumba hicho. Pergamonmuseum imefungwa kwa ukarabati tangu Oktoba 2023, kwa hiyo usimwamini anayekuuzia ziara ya humo bila kuhakikisha kwanza kama imefunguliwa. Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu.

Hatua ya 9: Vitu vyetu

Chukua treni ya U6 hadi kituo cha Naturkundemuseum. Makumbusho ya viumbe, Museum für Naturkunde, iko Invalidenstraße 43, na Jumatatu imefungwa. Ukipita mlango mkuu, ukumbi wa kwanza kabisa wenye paa la kioo, unakutana naye: mifupa ya dinosaria mkubwa aitwaye Giraffatitan, kimo chake mita 13.27. Shingo inapanda mpaka karibu na paa. Mguu wake wa mbele peke yake umenipita mbali. Aliishi takriban miaka milioni 150 iliyopita, na alichimbwa Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi.

Wajerumani walichimba pale kuanzia 1909 hadi 1913. Majina ya wanasayansi waliosimamia utayaona. Lakini mikono iliyochimba ilikuwa ya watu wa Lindi, mamia yao, na msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Hapakuwa na reli wala barabara. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa kichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa kwa kila mzigo, na hii ni miaka miwili tu baada ya Maji Maji, watu wa kusini wakiwa bado wanatoka kwenye njaa iliyoua wengi. Simama chini ya shingo ile ukijua hilo. Pembeni kuna ndugu zake wa Tendaguru pia, akiwemo Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni, ambaye watoto humpenda.

Kisha endelea na U6 hiyo hiyo kuelekea kaskazini, ushuke Rehberge au Afrikanische Straße, eneo la Wedding. Mtaa huu unaitwa Afrikanisches Viertel, kwa sababu barabara zake zilipewa majina ya makoloni na sehemu nyingine za Afrika: Sansibarstraße, Tangastraße, Ugandastraße, Kongostraße. Ilikuwepo na Petersallee, iliyohusishwa na Carl Peters, yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Wanaharakati walipigania jambo hilo kwa miaka mingi, na Agosti 2024 barabara ile iligawanywa na kupewa majina mapya: sehemu moja Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mwanamke wa Namibia, na nyingine Maji-Maji-Allee. Ni barabara ya kawaida, yenye miti na magari yaliyoegeshwa. Nilisimama chini ya kibao nikakisoma mara mbili kwa sauti. Mwaka uliotangulia, Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea kuomba msamaha.

Mwisho, Wilhelmstraße, mwendo mfupi kutoka Brandenburger Tor. Karibu na namba 92 kuna kibao cha kumbukumbu mahali lilipokuwa jumba la kansela. Hapo ndipo ulipofanyika mkutano wa Berlin, kuanzia 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885, uliowapa wakubwa wa Ulaya kanuni za kuligawana bara letu. Jumba lenyewe halipo tena.

Hatua ya 10: Chakula, ibada na afya

Döner ndiyo mkombozi wa mfuko wako: mkate, nyama, kachumbari, euro 7 hivi, na inashibisha. Wauzaji wengi ni Waturuki, na nyama huwa ni ng'ombe, ndama au kuku. Uliza neno halal, wanalielewa mara moja. Currywurst, soseji maarufu ya mji, kwa kawaida ni nguruwe. Neno la kulikumbuka kwenye menyu ni Schwein. Jumanne na Ijumaa nenda soko la Waturuki la Maybachufer, kando ya mfereji, kwa matunda, mizeituni na mikate. Msikiti wa Şehitlik uko Columbiadamm, Neukölln, una minara miwili na bustani tulivu. Kumbuka majira ya joto Isha huingia usiku sana. Maduka ya Waafrika yenye unga, mihogo na ndizi za kupika yapo Wedding, kuzunguka Müllerstraße.

Duka la dawa ni Apotheke, lenye herufi A nyekundu. Usitegemee kununua antibayotiki bila cheti cha daktari kama tulivyozoea, hawatakuuzia. Beba dawa zako za kila siku pamoja na karatasi ya daktari. Na hili ni la uzito kuliko yote: ukipata homa ukiwa kule, hata wiki tatu baada ya kufika, mwambie daktari mapema kwamba umetoka sehemu yenye malaria. Hawaioni kila siku na wanaweza kudhani ni mafua. Dharura na gari la wagonjwa ni 112, polisi ni 110, daktari wa usiku au Jumapili kwa tatizo lisilo la kufa na kupona ni 116117.

Wezi wa mifukoni wapo Alexanderplatz, Kottbusser Tor na Warschauer Straße. Simu usiiweke mezani ukiwa unakula barazani. Usitembee kwenye njia ya baiskeli, mara nyingi ya rangi nyekundu. Baiskeli zinakuja kwa kasi na hazina mzaha. Na taa ya mtu mwekundu ikiwaka, subiri hata kama hakuna gari, hasa kukiwa na watoto pembeni.

Hatua ya 11: Siku ya kuondoka

Kama ulinunua bidhaa za zaidi ya euro 50 kwenye duka moja, uliza pale pale fomu ya kurudishiwa kodi, kwa sababu ukishatoka dukani umechelewa. Uwanjani, kabla hujakabidhi begi, tafuta forodha, Zoll, uwaonyeshe bidhaa zikiwa hazijatumika, pamoja na risiti na pasipoti, wagonge muhuri. Bidhaa zilizo kwenye begi la mkononi zinapigiwa muhuri kwenye uwanja wa mwisho wa Ulaya, kwa hiyo ukirudi kupitia Amsterdam, ni huko. Fika muda wa saa tatu kabla ya ndege kuondoka. Na asubuhi hiyo, unaponunua tiketi ya treni, bonyeza ABC.